Kuchora korongo kwa udongo wake: kuanzia kuchota hadi ubao wa mvua

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo: picha ya korongo lililochimbwa na maji ya mvua, iliyochorwa kwa udongo wa korongo hilohilo, tabaka kwa tabaka. Mfano wetu ni milima ya Irangi, wilayani Kondoa, mkoani Dodoma. Huko mmomonyoko ulifika mahali pabaya kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika ili nyasi na miti ipate kurudi. Makorongo bado yapo na kuta zake zinasomeka vizuri. Wilaya hiyohiyo ndiyo yenye michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na rangi nyekundu zake zimetokana na madini ya ardhini. Lakini ukuta wowote wa udongo uliokatwa, hata wa barabara mpya, unafaa.

Kuna sharti moja tunalolishikilia: udongo uchore mahali ulipotoka. Udongo wa mita moja na nusu chini uchore mita moja na nusu chini, wala usipandishwe juu kwa sababu wekundu wake unapendeza. Ukianza kuchagua kwa uzuri wa rangi tu utapata picha ya kahawia, na korongo litakuwa limetoweka.

Kuchota

Nenda kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, na kama ardhi ni ya kijiji, anzia kwa mwenyekiti. Usichote ndani ya hifadhi wala karibu na miamba yenye michoro. Epuka pia kandokando ya gereji na machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, kwa sababu udongo wa huko unaweza kuwa na madini ya risasi au zebaki, na wewe utaushika, utausaga na kuvuta vumbi lake.

Kamwe usisimame chini ya ukingo unaoning'inia. Chagua ukuta usiozidi mita 2, ulioegemea nyuma kidogo, na mwenzako abaki juu akiangalia nyufa.

Kabla ya kuchota, kwangua uso wa ukuta sentimita 5 kwenda ndani. Wengi wanairuka hatua hii, kisha wanashangaa sampuli zao zote kufanana. Mvua huteremsha tope la juu na kuupaka ukuta mzima kama lipu, kwa hiyo rangi unayoiona kwa nje ni ya tabaka la juu peke yake. Ukishakwangua, tabaka zinajitokeza: juu kahawia iliyokolea yenye mizizi, chini yake nyekundu, pengine ukanda wa kokoto, halafu manjano au kijivu.

Tandika futi ya kupimia toka juu hadi chini na uchote kila baada ya sentimita 20. Anzia chini, upande juu. Ukianzia juu, vumbi litaangukia sehemu ambazo hujazichota. Ukuta wa mita 2 utakupa sampuli 10, kila moja gramu 500, na hiyo inatosha. Baada ya kuchuja, udongo wa mfinyanzi unaweza kukuachia zaidi ya nusu ya uzito huo, lakini wa kichanga huenda usifike hata gramu 50. Hapo chota mara mbili.

Andika lebo kwa penseli, kwa maana wino huyeyuka ukilowa: mahali, tarehe, kina, na jina ambalo wenyeji wanauita udongo huo. Weka lebo moja ndani ya mfuko na nyingine nje. Majina ya wenyeji hubeba habari nyingi. Wasukuma, kwa mfano, wakikuambia luseni (wa kichanga), ibambasi (mgumu wenye magadi) au mbuga (mfinyanzi mweusi wa bondeni), wameshakuambia udongo uko wapi mlimani na kitamea nini humo.

Jaribio la kidole

Kabla ya kuhangaika na maji na gundi, chukua karatasi nyeupe, weka kijiko kidogo cha udongo mkavu, usugue kwa kidole kwa mkandamizo ule ule hadi upate mraba wa sentimita 10. Sampuli zote ziwe kwenye karatasi moja, kwa mpangilio wa kina. Msanii wa Uholanzi herman de vries, ambaye huandika jina lake kwa herufi ndogo, amefanya sanaa yake kwa njia hii kwa miongo mingi: hukusanya udongo wa nchi mbalimbali na kuusugua kwenye karatasi bila kuongeza kitu. Mwaka 2015 aliiwakilisha nchi yake katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia. Karatasi yako ya jaribio inaweza kusimama yenyewe kama kazi iliyokamilika, na ndiyo itakayokuonyesha rangi halisi ya udongo ukiwa mkavu. Ukiwa umelowa, udongo wote hudanganya kwa kuonekana mweusi zaidi.

Kuchuja kwa maji

Ponda mabonge kwa mkono, toa mizizi na mawe, kisha pitisha kwenye chekeche. Vaa barakoa, vumbi la mchanga laini huumiza mapafu.

Mimina sampuli ndani ya ndoo yenye maji lita 3, koroga kwa nguvu dakika 2, halafu acha itulie kwa sekunde 40 hadi dakika moja. Katika muda huo mchanga unashuka, ila chembe laini bado zinaelea. Mimina maji yenye tope kwenye ndoo ya pili kupitia kitambaa chepesi, taratibu, na usimamishe pale mchanga unapoanza kusogea. Rudia mara mbili. Mizizi na takataka zinazoelea juu ziondoe zote, kwa sababu ndizo zitakazoozesha rangi yako baadaye.

Ndoo ya pili iache siku nzima. Maji ya juu yakiwa meupe, yamwage. Tope lililobaki limimine kwenye sinia na ulianike kivulini. Kuna udongo wa mfinyanzi ambao hautulii hata baada ya siku mbili. Tia chumvi, kijiko kimoja cha chai, ukoroge: chembe zitashikana na kushuka. Ila chumvi hiyo lazima uitoe kwa kusuuza mara tatu kwa maji ya mvua. Ikibaki, rangi ikikauka itatoa ukungu mweupe juu ya picha, na hauondoki kwa kufuta. Udongo wa maeneo yenye magadi una tatizo hilohilo hata kabla hujatia chumvi, kwa hiyo usuuze vivyo hivyo.

Vigae vilivyokauka visage kwenye kinu safi hadi viwe laini kama unga wa ngano.

Ukihitaji nyekundu na sampuli zako ni za manjano, unaweza kuzikaanga kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa, ukigeuza, kwa dakika 30 hadi saa moja. Kuanzia nyuzi joto 250 hivi, madini ya chuma yenye manjano hupoteza maji yake na kuwa mekundu. Fanya nje, maana mabaki ya mimea yataungua na kutoa moshi. Andika kwenye lebo kwamba umekaanga. Katika picha ya korongo hatupendekezi kufanya hivyo, kwa sababu unakuwa umebadilisha kile ulichokuja kukionyesha.

Gundi

Gamu arabiki, yaani gundi ya mgunga, ndiyo bora kwa karatasi. Loweka gramu 50 katika mililita 100 za maji ya moto usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko kimoja kikubwa cha asali na matone 3 ya mafuta ya karafuu. Asali huzuia rangi isikatike ikikauka. Karafuu huzuia ukungu. Hifadhi kwenye chupa iliyofungwa, mahali penye ubaridi.

Kusaga rangi na gundi kunataka kioo kinene na kitu cha kioo chenye kitako bapa, hata chupa nzito. Kwanza kwaruza kioo na kitako cha chupa kwa msasa ili chembe zipate pa kushikia. Weka vijiko 2 vya unga wa udongo, tengeneza shimo katikati, tia kijiko kimoja na nusu cha gundi na maji kidogo, kisha saga kwa kuzungusha dakika 10 hadi 15. Mwanzoni utasikia mkwaruzo kama wa kutafuna mchanga. Sauti ikipungua na rangi ikiteleza, imeiva.

Pima kabla ya kuendelea. Paka mstari kwenye karatasi, subiri ukauke, upitishe kidole. Kidole kikitoka na vumbi, gundi ni chache. Mstari uking'aa na kupasuka nyufa nyembamba, gundi imezidi. Kila tabaka lina kiasi chake: mfinyanzi hunywa gundi kuliko kichanga, hivyo usitarajie kipimo kimoja kifae sampuli zote 10.

Kwa kitambaa kikubwa gamu ni ghali. Pika wanga wa muhogo, kijiko kimoja kikubwa kwa mililita 250 za maji, hadi uwe mzito na wa kupenya mwanga, uache upoe, uchanganye na udongo. Hautunziki zaidi ya siku mbili kwenye joto.

Kuchora

Tumia karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, au marekani, yaani kitambaa cha pamba, isiyopaushwa. Marekani ifuliwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni ili kuondoa wanga wa kiwandani, kisha ipigiliwe kwenye fremu na kupakwa mkono mmoja mwepesi wa wanga wa muhogo.

Kwa ukuta wa mita 2, skeli ya 1 kwa 4 inakupa picha yenye kimo cha sentimita 50, na kila sampuli inapata ukanda wa sentimita 5. Lakini usichore kanda zilizonyooka kama bendera. Rudi kwenye picha ulizopiga: mpaka kati ya tabaka hupinda, mzizi hupenya, kichuguu kilichokufa hupandisha udongo wa chini hadi juu. Mchwa ni watu wa kuheshimu hapa, maana wao ndio wanaohamisha tabaka, na wewe unapaswa kuonyesha kazi yao.

Paka mikono mitatu myembamba badala ya mmoja mnene, na kila mkono ukauke kabisa. Udongo mweusi wa mbuga utapasuka hata ukiwa mwembamba, kwa sababu mfinyanzi wake huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Changanya sehemu 2 zake na sehemu moja ya kaolini, ule udongo mweupe unaopatikana Pugu. Utakuwa mwepesi kidogo wa rangi lakini utashika. Au uache upasuke. Mbuga yenyewe hupasuka hivyo kila kiangazi, na nyufa hizo ni kweli tupu.

Rangi za madini ya chuma hazipauki kwa jua. Adui wake ni maji na kusuguliwa, kwa hiyo picha ya karatasi iwekwe nyuma ya kioo, isigusane nacho.

Ubao wa mvua

Picha inaonyesha korongo lilivyo. Ili kuonyesha linavyotokea, tengeneza kazi ya pili ya kuwekwa kando yake. Chukua ubao wa sentimita 60 kwa 120, uzungushie kingo za sentimita 5 pande tatu, upande wa chini uache wazi. Gawa kwa urefu kwa mbao nyembamba ili upate mifereji miwili. Jaza udongo wa juu wa shamba, unene wa sentimita 3; utahitaji kilo kama 30, hivyo omba udongo ambao tayari umechimbwa kwa ajili ya msingi wa nyumba. Ushindilie kwa kiganja. Mfereji mmoja uache mtupu, mwingine ufunike kwa nyasi kavu kiasi cha kutoona udongo.

Inua kichwa cha ubao sentimita 30. Mbele ya mdomo wake tandika mita 2 za marekani, ikiwa na mteremko mdogo. Toboa kitako cha debe kwa msumari mwembamba, matundu kila sentimita 2, ulishike mita moja juu, na unyunyize lita 10 juu ya kila mfereji. Hiyo ni sawa na mvua ya milimita 28, yaani mvua moja nzuri ya masika.

Upande mtupu utatoa maji mazito mekundu ndani ya dakika chache na kuandika kwenye kitambaa mkondo mrefu wenye matawi. Upande wa nyasi utatoa maji kidogo, kwa kuchelewa, na doa lake litakuwa hafifu. Kitambaa hicho ndicho kazi. Kiache kikauke palepale bila kukiinua kwa siku nzima, kisha kinyunyizie gamu iliyozimuliwa kwa maji mara 10, mara mbili au tatu, kwa umbali wa sentimita 40. Ukinyunyizia karibu, matone yatavunja kingo za mkondo.

Mambo mawili huharibu jaribio. Udongo ukiwa mkavu kupita kiasi, maji ya mwanzo huyeyusha vumbi la juu na pande zote mbili hutoa tope. Uloweshe kidogo siku moja kabla. Na ukimwaga debe zima kwa mkupuo, unapata mafuriko badala ya mvua, nyasi zinasombwa, na kitambaa kinakuwa uchafu mtupu.

Wakati wa kuonyesha, tundika karatasi ya jaribio la kidole, picha na kitambaa kwenye ukuta mmoja, na lebo zenye kina na mahali ziwe za kusomeka kwa mtu aliyesimama. Ukisafiri nje ya nchi, usibebe mifuko ya udongo mbichi. Nchi nyingi hazikubali uingie kwa hofu ya wadudu na magonjwa ya mimea. Saga na upake kabla ya kuondoka. Udongo uliosalia, kama haujatiwa chumvi wala gundi, urudishe shambani ulikoutoa.