Neno la Kilatini lina ch, ph, th, rh au y? Fungua kamusi ya Kigiriki

Hii nimeigundua nikihangaika na neno schola, yaani shule. Ukiona herufi hizo ndani ya neno la Kilatini, usikomee kwenye kamusi ya Kilatini, lifuate kwenye ya Kigiriki. Warumi walizitumia hasa kuandika sauti za Kigiriki ambazo kwao hazikuwepo. Kwa schola, geuza ch iwe χ na -a ya mwisho iwe -η, unapata σχολή: wasaa, muda usio na kazi. (Naam, shule ilianza kama mapumziko. Watoto wasisikie.) Mwenye wasaa hukaa akajadili, mjadala ukawa somo, somo likapata mahali pake. Warumi wakaongeza maana zao: wafuasi wa mwalimu fulani, kibaraza cha kukalia kwenye nyumba ya kuogea, ukumbi wa chama, na baadaye vikosi vya walinzi wa kaisari. Kutoka hapo Wajerumani wakapata Schule, nasi tukaazima shule. Skuli ya Zanzibar imepitia Kiingereza.

Inapokwama: pulcher, yaani "-zuri", si la Kigiriki, h iliingia kwa mtindo tu. Sylva nalo ni silva, msitu, limeandikwa kwa mbwembwe. Na maneno yaliyoazimwa mapema mno hayana alama yoyote: purpura, rangi ya zambarau, limetoka πορφύρα na ukilitazama hivihivi hutalishuku.