Saa nane mbili: vile ya kujikagua kabla ushike usukani ukitoka ocha

Kila mtu mwenye ocha yake, yaani boma la kijijini, iko Vihiga, Butere, Siaya ama Busia na kazi yake iko Nakuru anaijua hii safari. Ijumaa unatoka kazi saa 11 jioni, unapitia kubeba watu watatu, mnafika boma saa 6 usiku mnakuta kesha, ni nyimbo mpaka asubuhi, Jumamosi ni mazishi na wewe ndio mwenye gari kwa hivyo wewe ndio unatumwa viti, unatumwa maji, unapeleka shangazi steji, usiku unalala masaa matatu kwa kiti cha gari, halafu Jumapili mnakula kuku na ugali na mnaanza kurudi. Gari iko sawa. Maji ya rejeta umeangalia, upepo wa tairi umeangalia, mafuta umejaza. Mwenye ataiendesha ndio hakuna mtu amemwangalia.

Mimi nilifundishwa hiyo kitu kati ya Ahero na Awasi. Ile barabara imenyooka, ni tambarare, jua la Kano linachoma, mashamba ya mpunga huku na huku, watu wa nyuma wamelala vichwa vimeangukiana. Shemeji yangu alikuwa mbele na mimi. Nakumbuka nimepita wale mama wa kuuza mchele kando ya barabara, halafu kitu ingine nakumbuka ni kokoto zinalia chini ya tairi ya kushoto na mkono wa shemeji uko juu ya usukani. Hakupiga kelele. Alisema polepole tu, "Shem, rudisha gari kwa lami." Mbele yetu, hatua kama ishirini, kijana alikuwa amesimama na baiskeli, gunia limefungwa nyuma, anatuangalia. Baadaye shemeji aliniambia macho yangu yalikuwa wazi. Yalikuwa wazi na sikuwa naona chochote.

Huo ndio usingizi wa sekunde. Ubongo unajizima kidogo, sekunde mbili, nne, wakati mwingine zaidi, na haukuulizi. Piga hesabu: kwa spidi ya 80, gari inakula mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu mita 90, unakaribia kumaliza uwanja wa mpira na hakuna mtu kwa usukani. Na ndio maana gari ya mtu aliyelala mara nyingi haiachi alama ya breki kwa lami, kwa sababu hakuna mguu ulioikanyaga.

Sasa ya kufanya. Kwanza hesabu masaa, na uhesabu kwa ukweli. Jiulize nimeamka saa ngapi, si nimeanza safari saa ngapi. Watafiti wa Australia walipima hii mwaka wa 1997, wakapata mtu aliyekaa macho masaa 17 anafanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwa damu, na akifika masaa 24 ni kama asilimia 0.10, na hiyo ingekuwa ni pombe kweli Alcoblow, ile mashine ya polisi ya kupima pombe, ingekushika. Kwa hivyo ule mtu hajaonja busaa hata tone lakini amekesha na maiti usiku kucha, asubuhi yake asijiite mzima. Kama usiku mbili zilizopita hujapata hata masaa kumi ya kulala ukijumlisha zote, safari isongeshwe. Toka Jumatatu alfajiri, omba ruhusa kazini, ama mpe mtu mwingine aendeshe, hata kama gari ni yako na unaionea wivu.

Pili, jua saa zako mbaya. Mwili uko na saa yake ndani na inashuka mara mbili kwa siku, ni rahisi kukumbuka kwa sababu zote ni saa nane: kuanzia saa 8 usiku mpaka karibu saa 12 asubuhi, na kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 10. Ya usiku ndio kali zaidi. Angalia vile hizi barabara zetu zimetumaliza. Migaa, tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori, watu 36 walikufa, ilikuwa usiku mkuu kuelekea alfajiri. Fort Ternan, tarehe 10 Oktoba 2018, basi ya kutoka Nairobi kuja Kakamega, zaidi ya watu 50, hata hakujapambazuka. Ajali huwa na sababu nyingi, spidi, gari yenyewe, mzigo, kona, na siwekei dereva yeyote lawama hapa, lakini ukiona saa zenyewe utaelewa kwa nini nasema saa nane usiku usiwe kwa lami kama si lazima. Ile ya mchana inakujia hata kama hujakula, ukiongeza ugali mkubwa juu yake ndio mbaya zaidi, kwa hivyo kula kidogo, ile nyingine fungiwa ubebe.

Tatu, jua dalili zako mapema, usingoje kichwa kianguke. Kupiga miayo ni ya kwanza lakini watu wengi wanaipuuza. Zile za maana ni hizi: unabadilisha mkao kila dakika, unajikuna kichwa na shingo, macho yanawasha, spidi inapanda na kushuka bila sababu, umepita bango na hujui lilisema nini. Mimi hujipima hivi, najiuliza kilomita tano zilizopita nimepishana na matrela mangapi. Nikikosa jibu kabisa, nasimama. Sio "nifike Kericho kwanza". Nasimama pale pale penye kuna mahali salama.

Na kusimama kwenyewe kuna njia yake. Usisimame kando ya barabara kuu ukalale hapo, trela itakukuta. Tafuta petroli stesheni, iko Ahero, iko Kericho mjini, iko Mau Summit, na Salgaa matrela yanalala kila usiku, kwa hivyo usione haya kulala mahali madereva wenye kazi yao wanalala. Nunua kahawa kali, kunywa haraka, weka alamu ya dakika 20, laza kiti, funga macho. Kahawa inachukua kama dakika 20 hadi 30 kuanza kufanya kazi, kwa hivyo ukiamka inakuwa inaingia. Usilale nusu saa na zaidi kama utaondoka mara moja, utaamka umelewa usingizi, na ukiwa hivyo kaa robo saa, tembea, osha uso, ndio uwashe. Hii inakununulia muda kidogo tu, saa moja ama mbili, haibadilishi usiku uliopotea.

Kufungua dirisha, kuongeza muziki, kujichapa makofi, kutafuna njugu, hizo zote nimejaribu. Zinakupa dakika chache halafu unarudi pale pale. Miraa na muguka ndio watu wanapenda kutetea, wanasema dereva wa usiku bila jaba hawezi. Kitu inafanya ni kuficha usingizi, deni linabaki na linaongezeka, na ikishuka inakuangusha mara moja, kawaida ni hapo kwa ile mteremko wa Sachangwan ukielekea Salgaa, mahali unahitaji akili yote. Vinywaji vya kuongeza nguvu pia usivifanye chakula.

Halafu hii njia yetu ina ujanja wake. Kutoka joto la Ahero unapanda mpaka baridi ya Mau Summit, mita zaidi ya 2,400 juu ya bahari, mara nyingi kuna ukungu, watu wanafunga madirisha yote na kuwasha hita. Gari inakuwa kama blanketi. Weka hita chini, acha dirisha lako wazi kidogo, na uvae sweta badala yake.

Pombe ya matanga nitasema kwa ufupi. Chupa moja ya bia ya mililita 500 mwili unaitoa kwa masaa mawili hivi, na hakuna kahawa wala maji baridi ya kuharakisha. Ukinywa tano mpaka saa 7 usiku, saa 2 asubuhi unaweza kuwa bado unayo. Chang'aa haina lebo, huwezi kuipigia hesabu, kwa hivyo ukionja hiyo wewe ni abiria siku nzima inayofuata.

Dawa watu hawazifikirii kabisa. Piriton ya mafua inalaza mtu vizuri sana, dawa nyingi za kikohozi pia, na za usingizi na za mawazo. Uliza duka la dawa swali moja: hii inaruhusu kuendesha? Huku kwetu kuna malaria, na mtu mwenye homa haendeshi, hata zile tembe za siku tatu zinaweza kuleta kizunguzungu, ngoja homa iishe. Mwenye sukari anayechoma insulini apime kabla ya kuwasha gari na kila masaa mawili njiani. Ikiwa chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L) ale kwanza, chini ya 4 asiendeshe. Ukianza kutetemeka, jasho baridi, mawazo yanaruka, simama, zima gari, kunywa soda yenye sukari ya kweli, na ukisharudi sawa ungoje dakika 45 ndio uendelee. Na mwanaume anayekoroma sana mpaka mkewe anasema pumzi inakatika halafu anashtuka, huyo aende hospitali, huo ni ugonjwa na unatibika, bila hivyo atakuwa analala masaa manane na kuamka amechoka kila siku.

Mawazo nayo. Mtu ametoka kuzika mama yake, tunampa funguo arudishe watu Nakuru kwa sababu ndiye dereva mzuri. Tuache hiyo tabia. Mfiwa akae nyuma. Huzuni inachukua macho ya mtu, anaangalia barabara na anaona kaburi. Hasira ni vile vile, umegombana na mwenye gari juu ya hesabu ya siku, ama na ndugu juu ya shamba hapo hapo matangani, unaingia kwa gari na unabamiza mlango. Dalili yake ni rahisi: ukijipata unaongea na mtu ambaye hayuko ndani ya gari, bado unamjibu, wewe huendeshi. Simama, zunguka gari mara mbili kwa miguu, toa pumzi polepole, piga hiyo simu umalize maneno ukiwa umesimama, ama uamue utayamaliza kesho.

Kwa madere wa matatu najua si rahisi hivyo, kuna hesabu ya tajiri na ukikataa, skwodi wako, yule dere wa kushikilia, anachukua gari. Lakini sheria ya trafiki iko wazi, gari ya abiria ama ya biashara dereva asiendeshe zaidi ya masaa 8 ndani ya masaa 24. Itaje kwa mkutano wa sako, mkiwa wengi.

Mwisho ni wewe uliyekaa mbele. Kiti hicho si cha kulala. Usimwulize dereva "umechoka?" kwa sababu atasema hapana, kila mtu husema hapana. Mwulize kitu ya hesabu: tumebakisha kilomita ngapi, kwa hii spidi tutafika saa ngapi? Akichelewa kujibu, ama akijibu kitu haihusiani, mwambie umebanwa na choo, asimame stesheni inayofuata. Akishasimama zima gari, chukua funguo, na umlazie kiti.