Jinsi ya kucheza Beneath a Steel Sky kwenye simu ya Android

Beneath a Steel Sky ni gemu ya kompyuta iliyotengenezwa na Revolution Software na kutoka mwaka 1994, na michoro yake ya utangulizi ni ya mchoraji wa vibonzo Dave Gibbons. Tangu 2003 wenye gemu wameruhusu ipakuliwe bure, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika na nakala za wizi zenye virusi. Hata simu ya bei ya chini inaiendesha bila kukwama. Wengi hukwama kwenye hatua ya 3, pale programu inapodai haioni gemu wakati faili zimo humo humo kwenye simu.

Hatua ya 1: Sakinisha ScummVM

Inapatikana Play Store, ni bure na haina matangazo. ScummVM haiji na gemu hii ndani yake. Inasoma faili za gemu za zamani na kuziendesha kwenye vifaa vya leo. Menyu zake ni za Kiingereza, hivyo nitataja vitufe kama unavyoviona kwenye skrini.

Hatua ya 2: Pakua gemu

Fungua scummvm.org, sehemu ya gemu za bure. Utakuta matoleo mawili. Lile la Floppy lina chini ya MB 10 na halina sauti za wahusika, maandishi tu. Lile la CD linakaribia MB 70 na wahusika wanazungumza. Bando likiruhusu chukua la CD, maana maneno ya roboti Joey yanapoteza nusu ya utamu wake yakisomwa kimya.

Hatua ya 3: Weka faili mahali ScummVM inaporuhusiwa kufika

Gemu uliyopakua ni zipu, yaani faili moja iliyobana faili nyingine ndani yake. Usiifungue ndani ya Download ukaishia hapo. Kuanzia Android 11, mfumo haukubali programu kama hii ipewe folda ya Download nzima, wala hifadhi nzima ya ndani. Ukijaribu, utaambiwa "Can't use this folder". Simu yako ni nzima na gemu ni nzima. Ni ulinzi wa Android tu.

Tengeneza folda mpya kwenye hifadhi ya ndani, nje ya Download. Iite Michezo. Ndani yake tengeneza nyingine, bass. Kisha fungua zipu humo. Programu ya ZArchiver ndiyo ninayoipendekeza kwa kazi hii, kwa sababu inakuuliza wazi faili ziende wapi, wakati programu nyingi za faili zinazokuja na simu huzimwaga palepale zipu ilipo.

Sasa ingia bass uangalie kwa macho yako. Lazima uone sky.dnr na sky.dsk. Ukikuta folda nyingine badala ya faili hizo, zipu imejitengenezea folda yake. Zihamishe faili zije juu, au kumbuka kuichagua ile folda ya ndani kabisa. Usibadilishe majina ya faili, hata herufi moja, kwa sababu ScummVM huitambua gemu kwa majina hayo pamoja na yaliyomo. Faili ya tatu, sky.cpt, inakuja na ScummVM yenyewe, kwa hiyo usihangaike kuitafuta.

Fungua ScummVM, bonyeza "Add Game". Kwenye orodha ya folda, panda juu kwa "Go up" hadi mwisho, mpaka uone "Add a new folder". Ukiigusa, kitafunguka kichagua folda cha Android. Nenda Michezo, bonyeza "Use this folder", kisha "Allow". Toa ruhusa kwa Michezo badala ya bass, ili gemu utakazoongeza baadaye zionekane bila kurudia zoezi hili. Ukisharudi ScummVM, ingia Michezo, ingia bass, ndipo uchague.

Bado inasema haikupata gemu? Sababu karibu kila mara ni mojawapo ya hizi: umechagua folda ya juu badala ya yenye faili, zipu haijafunguliwa, au upakuaji ulikatika katikati. Na ukishaongeza gemu kisha ukahamishia faili kwenye kadi ya kumbukumbu, itakataa kufunguka hadi uiongeze upya.

Hatua ya 4: Picha na maandishi

Washa "Aspect ratio correction". Gemu ilichorwa kwa pikseli 320 kwa 200, lakini skrini za enzi zile ziliinyoosha kwenda juu. Bila marekebisho hayo, watu wote wanaonekana wafupi na wapana. Vichujio vya kulainisha picha viache vimezimwa. Vinaharibu kazi ya wachoraji na kufanya nyuso zionekane kama zimepakwa mafuta. Kwa toleo la CD, kwenye sauti chagua "Both" ili usikie na kusoma kwa pamoja.

Hatua ya 5: Vidole

Tumia hali ya touchpad, ambapo kidole husogeza mshale kwenye skrini badala ya kugusa kitu chenyewe. Hubadilishwa kwa alama iliyo pembe ya juu kulia. Vitu vingine kwenye gemu ni vidogo sana, na ukigusa moja kwa moja kidole kinavifunika. Kugusa mara moja ni kutembea au kutazama. Kugusa kwa vidole viwili kwa pamoja ni kutenda: kuokota, kufungua, kuzungumza. Asiyejua hili hubaki akitazama tu vitu, akidhani gemu imeganda. Ukipeleka mshale juu kabisa ya skrini, vitu ulivyobeba vinajitokeza.

Hatua ya 6: Hifadhi mapema

Foster, mhusika unayemwongoza, anaweza kufa. ScummVM huhifadhi yenyewe pale ulipofikia kila baada ya dakika 5, lakini usiitegemee hiyo pekee: weka hifadhi yako kabla ya kuingia chumba kipya, tena kwa nafasi tofauti. Usiiondoe ScummVM kwenye simu ukitegemea kuirudisha baadaye, kwa sababu kwa kawaida hifadhi zako hukaa ndani ya programu na hufutika pamoja nayo.