Kupanga stoo ya chakula nyumbani hapa Lamu: kausha kwanza, kununua baadaye

Wengi wakitaka kuweka akiba ya chakula wanaanza na kununua, gunia hapa gunia pale, halafu miezi miwili haijaisha unga unanuka na mahindi yanatembea na fukusi. Kwetu Lamu kinachoharibu chakula sanasana ni unyevu. Bahari iko pande zote, kuta za mawe zinavuta maji, na pepo za kusi zikianza na masika yake kuanzia mwezi wa nne kila kitu ndani ya nyumba kinakuwa kama kimetoka jasho. Kwa hivyo hatua zote hapa chini zinaanzia kwenye ukavu.

Hatua ya 1: chumba. Chagua upande usioguswa na choo wala birika la maji, wenye dirisha la kupitisha upepo. Toa kila kitu, fagia, ziba matundu ya panya (paka wa mji huu ni wengi lakini usiwategemee). Chini weka mbao au paleti, vitu visikae sakafuni, na shelfu usizigandishe na ukuta, acha nafasi mkono upite nyuma. Hiyo nafasi ndiyo itakuokoa wakati wa mvua.

Hatua ya 2: andika mnachokula. Chukua wiki moja tu, andika mchele umekwenda kiasi gani, mbaazi, kunde, pojo, sukari, mafuta, nazi, chai, halafu zidisha kwa wiki unazotaka kuweka. Mwezi mmoja unatosha kuanza. Kama nyumbani hamli dengu usinunue dengu ati kwa sababu zimeshuka bei.

Hatua ya 3, na hapa naomba tusiende haraka, ni kukausha na kupima. Mahindi yakitoka Hindi au Mpeketoni, mashambani kwetu Lamu bara, hata muuzaji akiapa ni makavu, yaanike tena juu ya turubai au jamvi, kamwe si juu ya mchanga mtupu, na jioni uyaingize kabla umande haujashuka. Kipimo ni chumvi na chupa ya kioo. Chumvi yetu hapa huwa mbichi kwa hali ya hewa, kwa hivyo ikaange kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka iwe inamwagika yenyewe, iache ipoe. Tia vijiko viwili vitatu kwenye chupa safi iliyokauka kabisa, ongeza mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika chache halafu iache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi kama asilimia 15, rudisha juani. Kioo kikibaki safi, weka. Kwa akiba ya muda mrefu tafuta unyevu usiozidi asilimia 13 hivi, kwa hivyo hata yakifaulu ukiyapa jua la siku moja zaidi hupotezi kitu.

Punje zenye ukungu zitoe zote na uzitupe. Sumu kuvu haitoki kwa kupika wala kwa kuosha, na usimpe mnyama, ng'ombe akiila inapita mpaka kwenye maziwa.

Hatua ya 4: kufunga. Mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ni mizuri sana, funga kila tabaka peke yake. Kama huna, mitungi ya plastiki iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, ioshe, ikauke mpaka ndani kabisa. Jaza hadi juu, manake wadudu wanakufa kwa kukosa hewa, ukiacha nusu tupu umewaachia pumzi. Mitungi midogo mingi ni bora kuliko pipa moja unalolifungua kila asubuhi. Majani makavu ya mwarobaini mimi naweka kwenye shelfu, yanasaidia, lakini hayachukui nafasi ya mfuniko unaobana. Unga usiweke mwingi, weka mahindi mazima usage kidogo kidogo. Iliki, mdalasini na bizari pia ziweke nzima.

Hatua ya 5: vitu vya pwani. Nazi chukua kavu zenye makumbi yake, itikise usikie maji, inayovuja machoni usiweke. Papa na ng'onda (samaki waliokaushwa) wanunue wakati wa kaskazi, samaki wako na jua liko, maana kusi bahari ikichafuka bei inapanda, ila usiwaweke stoo moja na mchele, utakula pilau yenye harufu ya papa. Waning'inize kando, wakianza kulainika watoe juani tena. Achari ya maembe na ndimu itie kwenye chupa za kioo zenye mfuniko wa plastiki, wa bati unashika kutu kwa chumvi, na kijiko kiwe kikavu kila mara.

Hatua ya 6: kupanga. Bandika karatasi yenye jina na mwezi, kipya nyuma, cha zamani mbele, vizito chini. Waonyeshe na watoto, wao ndio wanaotumwa.

Kila mwezi toa vyote, futa shelfu, nusa kila mtungi. Kwa Ramadhani nunua kuanzia Rajabu, kidogo kidogo, kabla ya Shaabani kuisha na bei kuanza kupanda, na mahamri yako utakuwa na mbaazi zake tayari.