Somo: Kupanga kipindi cha kuwaandikisha wafanyakazi katika bima na mafao

Assalamu alaykum. Mkataba wa bima ya kikundi unapokaribia kumalizika, sisi tunaoshughulikia utumishi mahotelini Zanzibar huwa na wiki chache za kumuuliza kila mfanyakazi amwandike nani, achague daraja gani na akatwe kiasi gani. Nionavyo mimi, kazi hii haiharibiki kwenye fomu bali kwenye vyeti, kwa hiyo ratiba yote ipangwe kwa kuvifikiria hivyo.

Hatua ya kwanza ni tarehe. Hesabu wiki 8 kurudi nyuma kutoka siku mkataba mpya unapoanza, ukiepuka Julai na Agosti wageni wanapojaa, pamoja na kumi la mwisho la Ramadhani. Mwezi huo husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, hivyo usinakili kalenda ya mwaka jana.

Hatua ya pili ni vyeti. Mfanyakazi wa Paje, Unguja, ambaye familia yake iko Wete, Pemba, hawezi kukuletea cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kesho asubuhi; mpe wiki 3, ili aliyeko Pemba apate nafasi ya kukitafuta na kukituma kwa boti. Kisha kagua majina. Mwaka mmoja nilipeleka orodha yenye “Hadija”, ilhali kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kinasema “Khadija”. Herufi moja ile ilimweka mama mjamzito kwenye benchi la mapokezi ya hospitali tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, nami niko kwenye simu naomba kadi irekebishwe. Tangu siku hiyo kila mfanyakazi hukaa nami, tukasoma majina herufi kwa herufi, ndipo akatia saini.

Hatua ya tatu, tenganisha la lazima na la hiari. Mchango wa ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, hauchaguliwi. Bima ya ziada huchaguliwa, lakini kwanza ilinganishe na huduma za Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 2023, mtu asije akalipia kitu kimoja mara mbili.

Hatua ya nne, wafuate walipo. Walinzi na watu wa jikoni hawaji ofisini. Nenda zamu zinapopishana, na makato uyataje kwa shilingi, si kwa asilimia.

Maswali ya wenzetu wa utumishi

Swali: Nina mfanyakazi mwenye wake wawili, na bima yetu inapokea mwenza mmoja tu. Nifanyeje?
Jibu: Iulize kampuni ya bima bei ya mwenza wa pili kabla mkataba haujatiwa saini, kwa sababu baadaye ni vigumu kuubadilisha. Mfanyakazi mwenyewe mwite faraghani, umweleze gharama, na uamuzi umwachie yeye.

Swali: Mtoto akizaliwa baada ya kufunga uandikishaji?
Jibu: Tazama kifungu cha kuongeza wategemezi na siku zilizowekwa, kisha zibandike kwenye ubao wa matangazo. Baba au mama asisubiri cheti ndipo akuarifu. Akuarifu siku ile ile, cheti kifuate.

Swali: Na asiyerudisha fomu kabisa?
Jibu: Usimchagulie. Mfuate mara ya pili kwenye zamu yake, na akikataa bima ya ziada, aandike hivyo kwa mkono wake na atie saini, kisha karatasi iingie kwenye faili lake.