Gemu inakwamakwama? Cheki ping na FPS kwanza

Jamani kabla hujailaumu intaneti, ingia kwenye setingi za gemu uwashe namba za ping (milisekunde ambazo data inachukua kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi) na FPS (picha ngapi kompyuta inaonyesha kwa sekunde) uone shida iko wapi. Ping ikiruka toka 40 mpaka 300 huo ni mtandao, achana na waifai chomeka waya, na uzime apdeti zinazojidaunilodi kimyakimya. Ila kama ping imetulia na FPS ndo inaporomoka, hasa ukishacheza kidogo, basi ni kompyuta yenyewe, na hizi za zamani mara nyingi ni joto tu, vumbi limejaa kwenye feni mpaka prosesa inajipunguzia spidi isiungue. Izime, safisha feni, funga brauza, shusha vivuli na rezolusheni (ukali wa picha) kwenye setingi za gemu. RAM (memori ya kompyuta) mpya usikimbilie kununua kabla hujafanya hayo.