Simu moja, watoto sitini na wawili: ninavyofundisha ramani

Mwalimu mwenzangu, ninafundisha Jiografia kidato cha kwanza katika shule ya kata hapa Moshi. Darasani nina watoto 62. Wapo wa Pasua na Majengo, wapo wanaopanda daladala kutoka upande wa kiwanda cha sukari cha TPC, ambako wazazi wao wanafanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Wapo Wachaga, Wapare, na Wamasai wa tambarare za chini. Wote walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sasa wanakutana na Jiografia kwa Kiingereza. Chombo changu ni simu janja moja ya zamani yenye ufa pembeni mwa kioo.

Kabla hujaigusa simu, wajue watoto. Muhula uliopita niliazima projekta, nikaonyesha ukutani mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa kwenye ramani, darasa likachangamka. Nilipokusanya madaftari, la binti mmoja mwenye ualbino lilikuwa tupu. Nilikuwa nimemkalisha mbele kabisa, lakini kando ya dirisha, na mwanga ulimuumiza macho asione picha wala ubao. Hakusema, kwa sababu sikumuuliza. Jambo lile liliniuma na bado linaniuma. Siku hizi, wiki ya kwanza ya muhula naongea na kila mtoto peke yake, dakika mbili mbili: ukikaa wapi unaona vizuri? Sikio lipi linasikia zaidi? Nyumbani mnaongea lugha gani? Majibu nayaandika nyuma ya daftari la mahudhurio.

Sasa simu. Toa laini, kisha omba ruhusa ya mkuu wa shule kwa maandishi, maana wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu na hutaki mtoto aadhibiwe kwa kushika yako. Kurasa za kitabu nazifungua nyumbani kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, nahifadhi picha za zile za wiki hiyo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, ugeuze rangi ili maandishi yawe meupe kwenye kioo cheusi. Mng'ao unapungua sana. Mtoto akitaka kupiga picha ya ubao, rudisha rangi za kawaida, kwa kuwa ubao wenyewe tayari ni mweusi. Binti yule hupiga picha, huinamia simu kivulini, halafu huivuta kwa vidole viwili mpaka neno moja linajaa kioo. Mpe muda. Usifute ubao kabla hajakuinulia mkono.

Kwa mwenye usikivu hafifu simu haijanisaidia sana. Sikio lake zuri liwe upande wako, na usiongee huku umelipa darasa mgongo. Mvua ya masika ikianza kupiga mabati, nyamaza, andika.

Kazi kubwa iko kwenye lugha. Kontua ni neno gumu hata ukilisema kwa Kiswahili. Nilimwomba kijana wa Kichaga aeleze, simu ikirekodi, jinsi mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga, unavyoleta maji kutoka mlimani hadi kwenye kihamba chao, shamba la nyumbani. Akasema mfongo haushuki moja kwa moja. Unaambaa ubavu wa mlima, unateremka kidogo kidogo, la sivyo maji yatabomoa kingo. Nikasimamisha rekodi pale pale. Mtoto alikuwa amenielezea mstari wa kontua, kwa sababu mfongo unakaribia kabisa kuufuata! Binti wa Kimasai akaongeza kwamba kwao nyanda za juu zenye ubaridi na malisho huitwa osupuko, na tambarare za chini zenye joto ni olpurkel. Kila mmoja arekodi dakika moja tu, kwa lugha ya nyumbani, kisha Kiswahili. Wewe malizia kwa neno la Kiingereza atakalokutana nalo kwenye mtihani. Icheze kwa spika ndogo mwanzoni mwa kipindi kinachofuata. Mzazi aombwe idhini kwanza, na rekodi zisitoke kwenye simu hiyo. Sauti ya mtoto si ya kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Mwisho tafuta kadibodi, gundi na uzi wa katani. Bandika uzi, duara ndani ya duara: wa nje mita 1,000, juu kidogo ya mji wetu, unaofuata 2,000, hadi 5,000. Katikati gundisha kokoto moja, hiyo ni Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Nyuzi zinapobanana, kidole kinatambua kwamba mteremko ni mkali. Acha gundi ikauke usiku kucha, la sivyo nyuzi zitang'oka mikononi mwa mtoto wa tano.

Binti yule aliipapasa ramani mara tatu, macho ameyafumba. Kisha akasema, "Mwalimu, naomba uzi mwembamba. Nataka kuweka mfongo."